Ndoo ya Utepe wa Buluu

Bombani palikuwa na ndoo nyingi kuliko watu, na kila ndoo ilikuwa na utepe wake. Mwekundu, wa kijani, wa njano, wa maua, wa mistari, na mmoja wa buluu uliochujuka mpaka ukiuangalia juani unauona mweupe. Tepe hizo mwenyeji wa pale, mama mmoja kijana, alizikata mwenyewe kwenye vitambaa vilivyobaki aliposhona nguo za mtoto, akazifunga kwenye mishikio. Mgeni alipoingia kambini na gari lake, yale magari yenye vitanda na jiko ndani, kabla hata hajashuka akanyoosha mgongo, yeye alikuwa ameshafika na ndoo mkononi.

"Karibuni. Hii ndiyo ndoo yenu. Bomba lile pale chini, bafu na choo pembeni yake. Asubuhi mkimaliza shughuli zenu, nirudishieni, mnifunikie pale kwenye saruji, jioni mje kuichukua tena."

Ndiyo maana wageni wakamwita Mama Ndoo. Mumewe alimwita Mama Tone, kwa sababu binti yao mdogo aliitwa Tone. Mtoto huyo siku aliyojua kutambaa alitambaa moja kwa moja mpaka chini ya bomba, akakaa hapo anacheka huku maji yakimdondokea utosini. Mama mkwe naye alimwita mwanangu siku za raha, na "wewe binti" siku alizokuwa na lake jambo.

Kambi ilikuwa ya huyo mama mkwe, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Ilianzia langoni, kwenye njia ya changarawe, ikapanda polepole na nyasi zake mpaka kwenye mikaratusi ya mwisho, ambako ukisimama asubuhi unaliona jua likitoka bondeni limetakata kama mtu aliyetoka kuoga. Viwanja vya magari vilipangwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, kimoja kimoja, kila kimoja na kivuli chake. Na chini kabisa, karibu na jiko la familia, kulikuwa na bomba moja, masinki mawili ya saruji, mabafu na vyoo. Aliyetaka maji safi alishuka. Aliyetaka kumwaga maji machafu alishuka. Aliyetaka choo alishuka, na aliyekuwa na kile choo kidogo cha ndani ya gari alishuka na kasha lake kwenda kulimwaga shimoni. Kushuka ndiyo ilikuwa desturi ya pale.

Mama Ndoo aliipenda desturi hiyo kwa sababu ndiyo iliyomfanya mtu. Alipoletwa kama bibi harusi hakumjua yeyote, hata kuku wa pale walimkimbia. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa maneno mafupi. Mume alikuwa fundi bomba, kijana mpole anayeshinda akizungumza na vyuma, akirudi jioni maneno yamemwishia kazini. Mama Ndoo ulimi wake aliupatia pale bombani. Wanawake walishuka na sufuria zao, wanaume wakashuka na ndevu zina sabuni, mmoja akauliza, "Dada, hili bomba linafunguliwa kulia au kushoto?" na mwingine akajibu kabla yake, wakacheka, na kabla hajajua, naye akawa anacheka. Tone alipozaliwa, alipokezanwa mikono pale pale, huku mama yake akisuuza vyombo.

Tena ndoo zile zilikuwa na siri yake. Kila asubuhi, wageni wakishazirudisha, aliziangalia zilivyofunikwa kwenye saruji. Nyekundu ipo, kijani ipo, ya maua ipo. Moyo unatulia. Iliyokosekana, aliifuata. Kuna mwaka ya njano haikurudi, akapanda mpaka kwenye kiwanja chenyewe, akamkuta mgeni aliyekuja peke yake anatetemeka kwa homa, hajiwezi hata kufungua mlango. Walimwahisha hospitali. Tangu siku hiyo mama mkwe aliacha kuziita zile tepe matambara.

Basi likaja gari jeupe, refu kama nyumba ya kupanga. Dereva hakushuka. Aliteremsha kioo, akauliza pale pale langoni.

"Maji yapo kiwanjani?"

"Yapo bombani, pale tu," akasema Mama Ndoo, ndoo ya mistari mkononi.

"Umeme?"

"Simu unachaji jikoni kwetu."

"Na maji machafu nayamwagia wapi?"

"Unashuka nayo pale, ndugu yangu, si mbali."

Yule bwana akauangalia mteremko kama mtu aliyeambiwa aupande kwa magoti. Akasema asante, akapandisha kioo, akarudi kinyumenyume. Mama Ndoo akabaki na ndoo yake na vumbi la watu.

Jioni, wakiwa mezani, mumewe alilianzisha.

"Mama, gari lingine limegeuzia langoni leo."

"Nimeliona," akasema mama mkwe. "Limenikanyagia maua."

"Siku hizi watu wanataka kila kitu kiwanjani. Koki yake, soketi yake, na bomba la maji machafu lililotoa mdomo pale pale chini ya gari. Mgeni akifika anachomeka, anafungua, anamwaga, hamsumbui mtu."

"Na hasumbuliwi na mtu," akadakia Mama Ndoo.

"Si ndivyo wanavyotaka?"

"Basi wakaegeshe makaburini. Huko hakuna wa kuwasumbua."

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Tone, asiyejua kinachochekwa, akacheka kuliko wote.

"Utani pembeni," fundi akasema, masikio yamemwiva. "Sisemi uongo, mke wangu. Ukifika umechoka, umeendesha kutwa, kushuka na ndoo ni adhabu."

"Ni salamu. Asiyeshuka tutamjuaje?"

"Tutamjua kwa namba za gari lake!"

"Namba za gari hazina homa."

Mama mkwe akainua mkono. "Inatosha. Nyinyi mna vinywa viwili, mimi nina masikio mawili, yamejaa. Wewe fundi, yale mabomba yaliyolala nyuma ya jiko chini ya turubai ni ya nani?"

Fundi akakohoa. "Nilikuta bei nzuri, Mama."

"Umenunua vyombo vya harusi, mchumba hajaulizwa." Akamgeukia mkwewe. "Mama Tone ndiye anayeishi na wageni. Jumapili nitamuuliza yeye. Akisema hapana, mabomba yarudi dukani. Akisema ndiyo, uchimbe."

"Mama! Sasa hiyo si ndiyo kesi ya nyani, hakimu ngedere?"

"Basi jitahidi kumfurahisha hakimu," akasema mama mkwe, akainuka na sahani yake. "Anza na vyombo."

Fundi akaosha vyombo. Mkewe akavifuta. Walisimama bega kwa bega kwenye taa hafifu ya jikoni.

"Unaogopa nini hasa?" fundi akamuuliza taratibu.

Mkewe aliweka sahani chini.

"Ndoo zikiisha, mimi nitakuwa nani hapa?"

"Mke wangu."

"Hilo nalijua, baba. Nauliza huko nje."

Fundi akachukua sahani ambayo mkewe ameshaifuta, akaiosha tena.

Kesho yake likaingia Kobe.

Kobe lilikuwa gari kuukuu la rangi ya maziwa, mgongo mviringo, na wenyewe waliliita hivyo kwa sababu lilibeba nyumba na halikuwa na haraka na mtu. Lilikuja kila mwaka. Usukanini alikuwa Babu Dereva, aliyeendesha malori mpaka alipostaafu, na pembeni yake mkewe, Bibi, aliyekuwa muuguzi. Kiwanja chao kilikuwa cha juu kabisa, kwenye mikaratusi, na hakuna aliyethubutu kukitoa kwa mtu mwingine wakati wao ukikaribia.

Bibi ndiye aliyempa Mama Ndoo jina lake. Mwaka ule wa kwanza alimkuta bombani, bibi harusi mgeni, anainamisha uso kila anaposalimiwa, akamwambia, "Wewe, Mama Ndoo, hebu inua hicho kichwa. Maji yanateremka, wewe usiteremke nayo." Alipokuwa na mimba ya Tone, Bibi ndiye aliyemwambia aache kuinua ndoo mbili kwa pamoja. Na mtoto alipozaliwa, Bibi alileta kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, kubwa kiasi kwamba imeanza kumwenea Tone juzijuzi tu.

Kwa hiyo alikimbia, ndoo ya utepe wa buluu mkononi, Tone akimfuata na miguu yake mifupi.

"Mmechelewa mwaka huu! Nilishasema Kobe amelala njiani."

"Kobe halali," Babu akasema, anashuka polepole, mkono mmoja ameukunja kifuani. "Anafikiri."

"Na Bibi?"

"Nipo, mwanangu," sauti ikatoka ndani. "Nisamehe sishuki, nimekaa vizuri, nikiinuka nitapoteza nafasi." Mkono ukatoka dirishani, ukaligusa shavu la Tone. "Na huyu mke mwenza wa bibi yake amekua hivi!"

Wakacheka. Mama Ndoo alitaka kuingia amkumbatie, lakini Babu alikuwa amesimama mlangoni, anaipokea ndoo kwa mkono mzima, anasema wamechoka, watapumzika kwanza. Akashuka zake, moyo mwepesi. Jumapili mama mkwe akiniuliza, alijisemea, nitamwambia amtazame Bibi. Watu kama hawa hawafuati koki. Wanafuata watu.

Asubuhi iliyofuata Babu alishuka na ndoo, akaifunika kwenye saruji pamoja na zingine. "Mama Ndoo, mzigo wako huu!" alipaza sauti, akapunga mkono, akapanda zake. Kila hatua chache alisimama kutazama ndege. Mama Ndoo alimtazama kwa upendo. Hakuwahi kujua kwamba Babu anapenda ndege kiasi hicho. Bibi hakushuka siku hiyo, wala jioni. Wazee wanapumzika, alifikiri. Kichwa chake kilijaa mabomba na Jumapili. Alizipanga hoja zake vizuri, moja juu ya moja, kama sufuria.

Jumamosi asubuhi Babu alirudisha ndoo tena, akaita tena, akatazama ndege tena.

Sasa, Tone alikuwa na mchezo wake. Ndoo zilizotumika zikifunikwa, maji yaliyobaki huteremka, na mama yake akiinua moja moja kuzipanga, kila moja huacha duara la maji kwenye saruji. Tone aliruka kutoka duara moja hadi jingine kwa miguu mitupu, anakanyaga katikati, pwaa, pwaa. Alikuwa na maelezo yake kuhusu maduara hayo, na hakuna aliyeweza kumbadilisha mawazo.

"Nyekundu imekojoa!" Pwaa. "Maua imekojoa!" Pwaa. "Kijani imekojoa sana, mbaya wewe!"

Mama yake akainua ya buluu. Tone akaruka, akatua, hakukuwa na pwaa. Akatazama miguu yake.

"Mama, hii haijakojoa."

"Inajua adabu," mama yake akasema, akicheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Aliinama. Saruji chini ya ile ndoo ilikuwa kavu, nyeupe kwa vumbi. Akaingiza mkono ndani. Kavu. Akapitisha kiganja kila upande mpaka chini, kikatoka na vumbi, na kabuibui kadogo kakakimbilia kwenye mshikio. Hii ndoo haikuwa imebeba maji leo. Wala jana. Haikuwa imeonja maji tangu aitoe yeye mwenyewe stoo.

Alikaa chini pale pale kwenye saruji iliyolowa, sketi ikanywa maji. Miaka yote hiyo alikuwa akiangalia migongo ya ndoo. Ipo, ipo, ipo, moyo unatulia. Hakuna siku aliyoangalia ndani. Babu alijua. Alijua ndoo isiporudi, Mama Ndoo atapanda kubisha hodi. Ndiyo maana kila asubuhi aliibeba ndoo tupu na kuileta, asimtie mtu wasiwasi.

Akaijaza maji, akampa Tone mkono, wakapanda.

Ndipo alipouona ule mlima. Kila siku aliupanda bila kuufikiria. Leo aliona mawe yanavyoteleza chini ya changarawe, na pale katikati ambapo hakuna pa kushika. Alipofika juu, hata yeye na ujana wake alikuwa anahema.

Babu alikuwa anafuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na uchafu. Alipoiona ndoo imejaa, mkono wake ukasimama.

"Aa," akasema. "Umeiona."

"Tone ndiye aliyeiona, Babu."

"Mtoto huyo angefaa kuwa askari wa barabarani." Akajaribu kucheka. "Bega langu hili, Mama Ndoo. Tupu naibeba. Ikijaa, haitaki. Ingia, ingia, yuko ndani."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pembeni ya dirisha, mto nyuma, mto pembeni, fimbo imelala magotini. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mezani kulikuwa na kikombe cha maji, nusu, chenye kisahani juu yake, kama kitu cha kutunzwa. Mama Ndoo aliiweka ndoo chini, akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake. Ilikuwa mikavu kama karatasi.

"Bibi. Hunywi maji?"

"Nakunywa."

"Bibi."

Bibi akageukia dirishani. "Nakunywa kidogo. Anayekunywa sana hushuka sana."

Basi akamweleza, bila kulia, kama anayesoma cheti cha mgonjwa mwingine. Alianguka nyumbani, nyonga ikavunjika, ikaungwa, lakini haikurudi ilivyokuwa. Kutembea ndani ya gari anaweza. Kushuka ule mteremko hawezi, na kuupanda ndiyo kabisa. Choo kidogo cha gari kipo, lakini kasha lake likijaa ni lazima libebwe mpaka shimoni, na bega la Babu haliliwezi. Kwa hiyo yeye anajizuia. Anakunywa vifunda vya maji waliyokuja nayo, kasha lisijae kabla ya siku ya kuondoka.

"Si mngesema tu! Ningeleta maji mimi. Kasha ningelibeba mimi, Bibi, kuna nini?"

"Hulibebi."

"Mbona nguo chafu za Tone nazifua na..."

"Hulibebi, mwanangu." Sauti ilikuwa ya upole lakini imefungwa, kama mlango wa wodi. "Sikiliza. Mimi maisha yangu yote nimemwaga vyombo vya watu. Sikuona kinyaa hata siku moja, nilikuwa nawaambia, mama tulia, baba tulia, hii ni kazi yangu. Wengine walikuwa wanageukia ukutani. Nikadhani wana kiburi. Sasa nimewaelewa." Akauweka sawa mto wa pembeni. "Maji unaweza kunibebea. Hilo lingine, nataka nilifanye bila kumwomba mtu. Nitoke nimeinua kichwa."

Tone alikuwa amepata fimbo, anaipapasa. Nje kitambaa cha Babu kilikuwa kinafuta kioo, kinafuta, kinafuta.

"Kwa nini hamkai kule chini, karibu na choo?"

"Kule chini naona ukuta wa bafu. Hatukusafiri njia yote hii kuja kuutazama ukuta." Akatabasamu, na mpasuko wa mdomo ukamuuma. "Hapa nafungua pazia, naliona jua langu. Tulisema tuje mara hii ya mwisho tulione, halafu Kobe akapumzike. Hatukutaka kukuambia. Tulijua utalia, na ona sasa, unalia."

Kweli alikuwa analia. Alikinyanyua kile kisahani, akamshikia Bibi kikombe, na Bibi akamtazama juu ya ukingo wake kwa muda, kisha akanywa chote. Ndoo aliiacha mlangoni, imejaa.

Akamshika Tone mkono, akashuka. Njiani aliziona hoja zake za Jumapili, zile alizozipanga kama sufuria, zinaanguka moja moja. Alikuwa amesema ndoo inamwonyesha nani anaumwa. Ndoo ndiyo iliyomficha. Alikuwa amesema kushuka ni salamu. Kumbe kuna mtu aliyekaa juu, anakaukiwa, asishindwe salamu hiyo mbele ya watu. Na hapo chini, bomba lake lilikuwa linang'aa juani, wanawake wawili wanasuuza vyombo na kutaniana, pazuri mno, na moyo wake ukauma kwa jinsi palivyokuwa pazuri.

Fundi alikuwa karibu na lango, ameinama, anavuta kamba kati ya vigingi. Alipomwona mkewe alisimama haraka.

"Napima tu. Kupima si kuchimba."

"Kamba umeifunga pabaya."

"Mama Tone, leo Jumamosi, niache mpaka kesho nishindwe kihalali."

"Anzia juu," akasema.

"Juu wapi?"

"Kwa Kobe."

Fundi alimtazama vizuri, akaona macho mekundu na sketi iliyolowa. Akaziacha kamba. Mkewe alimweleza yote pale pale, wamekaa kwenye mawe ya chokaa, Tone katikati yao akila nyasi. Fundi hakusema, si nilikuambia. Mtu mwingine angesema. Yeye alichukua kijiti akachora ardhini.

"Kule juu ndiyo mbali kuliko kote. Mtaro mrefu. Lakini ukifika kule, umepita kwenye viwanja vyote vya njiani." Akachora matawi. "Maji safi yatasukumwa na tangi letu la mnarani, lina urefu. Maji machafu hayahitaji kubembelezwa, yanateremka yenyewe." Akakitupa kijiti. "Na wewe? Bomba lako?"

"Bomba halijaumwa. Mwenye bomba ndiye aliyekuwa haoni."

Mama mkwe hakungoja Jumapili. Aliwaona wanakuja pamoja, akajua kuna jambo, akakaa kwenye benchi la jikoni na kujikunjia mikono.

"Haya, hakimu. Hukumu."

"Ndiyo, Mama. Ila si viwanja vyote." Alisema polepole, anatafuta maneno. "Wapo wenye mahema, wapo vijana, wapo wanaopenda kushuka. Hao wabaki na ndoo, bomba la chini lisiguswe. Lakini vya juu viwekewe kila kitu, na vingine njiani. Anayetaka koki apate koki. Asiyeweza kushuka asije akajificha kwa sababu yetu."

Mama mkwe aliupeleka mkono kwenye goti lake la kushoto, lile linalolia wakati wa baridi, akalisugua.

"Goti langu limekusikia, mwanangu," akasema. Kisha, kwa fundi, "Wewe unangoja nini? Mabomba yameshachoka kulala."

Ilibaki kumwambia Bibi bila kumwambia. Hilo fundi alilifanya mwenyewe, na mkewe alimpenda upya kwa hilo. Alipanda, akavua kofia, akamwambia Babu ana shida. Anataka kuweka huduma kamili viwanjani, lakini anahitaji gari la kujaribia, gari la zamani lenye viungio vya zamani, maana likifaa kwa hilo litafaa kwa yote. Je, Kobe lingeweza kukaa siku chache zaidi? Na samahani sana, mtaro utapita hapa, itabidi lishuke kwa muda mpaka pale ukutani kwa bafu.

Babu alimtazama. Alimtazama mkewe dirishani. Alikuwa ameendesha magari umri wake wote, alijua mtu anapokupisha barabarani kwa heshima.

"Umesikia?" akamwambia mkewe. "Kobe amekuwa gari la majaribio uzeeni."

"Mwambie fundi," Bibi akasema bila kutokeza, "muuguzi anajua dawa iliyofichwa kwenye uji." Kisha akaongeza, "Lakini ninainywa."

Wakachimba. Fundi na wachimbaji wawili, sururu na koleo, na mama mkwe amesimama juu yao kuhakikisha maua yake hayaguswi. Siku hizo Bibi alikaa chini na ukuta wake. Aliosha uso mwenyewe, alikunywa maji mpaka midomo ikapona, na kila saa alimwambia Mama Ndoo kwamba ukuta ule unahitaji rangi. Bombani paliwaka kicheko, kwa sababu sasa Bibi alikuwa akitoa amri kutoka dirishani, nani asugue vipi. Mama Ndoo alitamani mtaro usiishe, akajikemea.

Ukaisha. Kobe likapanda polepole, likifikiri, na fundi akapiga magoti kwenye nyasi akaunganisha mpira wa maji safi, akaunganisha wa maji machafu, unaopokea na ya choo bila kasha kubebwa, akachomeka umeme. Kisha akasimama pembeni, wote wakasimama pembeni. Bibi alikuwa ndani. Walisikia koki ya sinki ikikohoa, ikitema hewa, halafu maji. Yalitiririka kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia ayafunge.

Kesho yake asubuhi Mama Ndoo alikwenda bombani kama kawaida. Nyekundu ipo. Kijani ipo. Ya maua ipo. Pa buluu palikuwa patupu. Alijua pangekuwa hivyo, lakini mguu wake ulishageuka, umezoea. Iliyokosekana huifuata. Akampandisha Tone mgongoni, akashika njia.

Pazia la Kobe lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa ndani, na Bibi alikuwa dirishani na kikombe, kikubwa, hakina kisahani juu.

"Umechelewa, Mama Ndoo. Nimekungojea."

"Sina ndoo ya kufuata huku, Bibi."

"Huna? Hebu tazama vizuri."

Chini ya koki mpya, juu ya jiwe bapa, ndoo ya utepe wa buluu ilikuwa imefunikwa. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kwenye mkaratusi, na shati la Babu lilikuwa linachuruzika.

"Nimefua mwenyewe," Bibi akasema, "nimekaa kitini. Na mwakani, hiyo ndoo usimpe mtu mwingine."

Tone aliteleza kutoka mgongoni. Alikwenda mpaka kwenye jiwe, akaikumbatia ndoo kwa mikono miwili, akaiinua kidogo, akachungulia chini.

"Mama!" akapiga kelele. "Imekojoa!"

Akaisukuma pembeni, akapanda juu ya jiwe, akaruka katikati ya duara kwa miguu yote miwili.